Kucha nyumbani: cha kununua kwanza, cha kusubiri, na cha kukiacha hukohuko dukani

Mie nafundisha skuli ya msingi hapa mjini Unguja, na kwa miaka mingi nlikuwa nikirudisha madaftari ya watoto nakunja vidole, naliweka daftari juu ya dawati harakaharaka mkono narudisha ndani ya mtandio, mana kucha nlikuwa nazing'ata tokea mdogo. Bibi kanipaka shubiri, kanipaka pilipili, wapi. Kilichoniachisha ni hina. Sikukuu moja mdogo wangu kaja kutoka Wete na majani ya mhina kwenye mfuko, tukayatwanga, kanipaka kucha zote kumi hivyohivyo fupi zilivyo, na skuli ilipofunguliwa mtoto wa darasa la pili kaushika mkono wangu kaugeuza juu chini, kaniambia, "Mwalimu, kucha zako nzuri." Nimesimama na chaki mkononi sijui nimjibu nini. Tokea siku ile kila kidole kikitaka kwenda mdomoni nakumbuka kile kiganja kidogo kilivyonishika, narudisha mkono chini.

Kwa iyo jambo hili kwangu si dogo, na nshanunua vingi tokea hapo, vizuri na vibovu, na dada zangu wa kazini kila wakitaka kununua wananiuliza. Naandika yote hapa. Na nimevipanga kwa kuangalia kazi tunazofanya sisi kwa mikono hii, kukuna nazi, kupara samaki, kufua, kutawadha mara tano, sio mikono ya kwenye picha za Instagram ambayo haijawahi kushika mbuzi ya nazi.

Kabla ya rangi yoyote

Usinunue rangi kama huna vitu vitatu: kikatia kucha kikali, tupa ya kucha, na mafuta. Tupa za kioo ni bora kuliko zile za msasa wa karatasi, zile za karatasi hewa yetu hii ya unyevu inazilainisha baada ya wiki mbili tatu, ya kioo unaiosha kwa sabuni unaendelea nayo miaka isipokuanguka kwenye sakafu. Piga tupa upande mmoja, usiende na kurudi kama unasaga, kucha inachanikachanika kwenye ncha. Mafuta wala usinunue ya bei, mafuta ya nazi ya nyumbani yanatosha, pakaa usiku kwenye mzizi wa kucha baada ya vyombo vya mwisho, na sisi walimu tupake kabla ya kushika chaki mana chaki inakausha vibaya sana. Ile ngozi nyembamba ya kwenye mzizi usiikate, isukume tu kidogo ukitoka kuoga ikiwa laini. Ile ndio mlango, ukiukata vijidudu vinaingia kidole kinavimba, na kidole kilichovimba usaha hakifichiki kwa rangi yoyote.

Namba moja: hina ya kweli

Naiweka juu na sitaki kubishana. Haizuii maji ya udhu kwa sababu inaingia ndani ya kucha yenyewe, haikai juu kama ganda. Haibanduki, haimenyeki, ukikuna nazi kumi iko vilevile. Mwanamke anaelima mwani Paje au Jambiani, anashinda ndani ya maji ya chumvi na mchanga anafunga kamba, hakuna rangi ya chupa itakayovumilia mikono yake, hina inavumilia. Na bei yake hata mwanafunzi anaimudu, paketi ya unga mie nanunua kwa elfu moja na kitu hadi elfu mbili soko la Darajani na inatosha watu watatu kwa kucha tu.

Lakini lazima ujue kununua. Ukiruhusiwa kufungua, nusa: hina ya kweli inanukia majani makavu, rangi yake ni kijani au kijani cha kahawia. Ikinuka dawa ya nywele iache. Soma paketi, ikiandikwa kwamba inatoa weusi kwa nusu saa hiyo si hina, hina haina weusi wa nusu saa hata siku moja. Ya kweli ukiitoa tu inakuwa rangi ya chungwa, watu wengi hapo wanakata tamaa wanasema nimeuziwa mbovu, subiri, siku ya pili inashuka inakuwa nyekundu ya damu ya mzee, na kwenye kucha inakaa zaidi kuliko kiganjani.

Kuchanganya: unga, maji ya ndimu au chai ya rangi iliyokolea, sukari kidogo ili ishike isidondoke, acha imefunikwa masaa kadhaa hadi uone juu imebadilika imekuwa nyeusinyeusi. Pakaa, kaa nayo masaa manne au lala nayo umefunga plastiki, ukiitoa ikwangue usiioshe, sugua mafuta, na maji yasiguse kwa muda utakaoweza, mie naifanya usiku wa Alkhamisi nikishamaliza kila kitu. Kama una ndugu Pemba mwenye mhina uani mwambie akuletee majani, hayana mpinzani.

Na hapa nasema kwa msisitizo kabisa: mtoto mchanga usimpake hina, hata kucha, hata kidogo ya kumuondolea husuda. Kuna watu wanazaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kinachoitwa G6PD, kwetu ukanda huu wapo wengi mana upungufu huo unakwenda na maeneo ya malaria, na rangi ya hina inaweza kupasua chembe zao za damu, mtoto akageuka manjano akaishiwa damu. Mkubwa anaejijua ana tatizo hilo nae aiepuke.

Kasoro yake moja, ukichoka huwezi kuifuta. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa iyo wiki ya tatu ushaanza kuona mwezi mweupe kwenye mzizi na inachukua karibu miezi sita kwisha yote. Mie ule mwezi naupenda, wengine hawaupendi.

Namba mbili: kyuteksi na rangi zake

Jina lenyewe limetokana na Cutex, kampuni ya Marekani iliyoanza na dawa ya kulainisha ngozi ya kucha mwaka 1911, sisi tumelichukua tukaita hivyo kila chupa ya rangi ya kucha. Wengi wetu tunapaka zile siku za mwezi ambazo hatusali, halafu tunafuta, na kwa matumizi hayo ya siku tano sita hakuna haja ya kununua ya bei kubwa. Kuhusu zile zinazoandikwa kwamba zinapitisha maji, mashekhe wametofautiana, mie udhu wangu sijauweka kwenye maandishi ya chupa, muulize unaemuamini kabla hujatoa pesa.

Pesa yako iweke kwenye vitu viwili vya maji meupe: besi koti ya chini na topu koti ya juu. Rangi inaweza kuwa ya elfu mbili, haina neno, lakini bila besi rangi nyekundu itakuachia kucha za manjano kama za mvuta sigara, na bila topu koti siku ya pili tu ukifua imeshabanduka kwenye ncha. Watu wananunua rangi nane na hawana hata moja katika hizo mbili, halafu wanasema rangi za siku hizi mbaya.

Chupa ikague hivi. Igeuze kichwa chini, rangi ishuke taratibu, ikiwa imeganda kama asali ya zamani imekaa sana juani. Angalia kialama cha kikopo kilichofunguliwa chenye namba kama 24M, maana yake miezi 24 tokea ufungue. Angalia kama imeandikwa haina tolueni, fomaldehaidi na DBP, hizo tatu ndizo ambazo kampuni nyingi zimeziondoa kwa sababu ya afya. Nyumbani usiiweke dirishani, joto la kaskazi linaikausha ndani ya chupa, na ikiwa nzito usitie asetoni, inaharibu. Asetoni yenyewe ya kufutia iweke mbali na jiko la mkaa na gesi, inashika moto kwa mvuke tu.

Sasa mapambo, hapa ndio raha yote. Usinunue seti za brashi kumi na tano. Chukua pini ya mtandio yenye kichwa cha duara, kalamu ya wino iliyokwisha, na kijiti cha meno, basi. Pini inatia kidoti kikubwa, kalamu kidoti kidogo, kijiti kinavuta mkia. Ukitia kidoti ukakivuta mkia kabla hakijakauka umepata korosho, ile ya kwenye kanga. Harusi ya binamu yangu nlimchorea kisutu, ile kanga ya harusi, nyekundu chini, vidoti vyeusi na vyeupe kwa safu, kwenye vidole viwili tu vya pete, vilobaki nikaviacha vyekundu vitupu. Nimekaa nae sakafuni mkono wake juu ya goti langu, kanyamaza kimya anaangalia, na mkono wa pili ulipokwisha kaviinua vyote kumi mbele ya uso kama anahesabu. Alikuwa mtu wa kujikunyata kwenye picha. Picha za siku ile zote mikono iko mbele.

Namba tatu: kucha za kubandika

Hizi ni nzuri kwa siku moja, harusi, mahafali, picha. Kwa wale ambao kucha zao bado fupi kwa kung'ata zinasaidia kweli kuona mkono wako ungekuwaje. Nunua pakiti yenye saizi nyingi, 24 na kuendelea, zipime kila kidole kabla ya kugundisha, iliyo kubwa kidogo ipunguze pembeni kwa tupa, ndogo usiilazimishe itachomoka. Chagua fupi. Ndefu na kula biriani kwa mkono haviendi.

Na chagua zinazokuja na vistika vya gundi badala ya gundi ya maji. Vistika vinakaa siku moja au mbili na vinatoka kwa maji ya moto na mafuta. Gundi ya maji ni ndugu wa supa gluu, na nshaona kwa macho yangu jamaa yangu kamwagikiwa tone, kachukua pamba afute, pamba ikapata moto ikatoa moshi pale pale kidoleni, kovu analo mpaka leo. Sio bahati mbaya, gundi ile na pamba ndivyo zinavyofanya zikikutana. Ikimwagika tumia maji mengi na sabuni, pamba iweke mbali. Na kumbuka kuzitoa kabla ya udhu.

Namba nne: jeli na taa yake

Jeli ni ile rangi ya kucha inayokauka kwa taa maalumu, najua wengi ndio mnaitaka. Inang'aa wiki mbili, haibanduki, na taa ndogo zipo mpaka za kuchomeka kwenye pawa benki, kwa iyo umeme ukikatika unamaliza. Mie nlinunua seti yangu kwa elfu thelathini na tano. Naiweka ya nne kwa sababu mbili na zote nzito.

Ya kwanza, wiki mbili hizo kwa anaesali zinatatiza, kuitoa ni kuloweka kwa asetoni dakika kumi hadi kumi na tano umefunga foili, ukiimenya kwa meno inaondoka na ngozi ya juu ya kucha yako.

Ya pili ni mzio. Jeli mbichi ikigusa ngozi, au ikikauka nusu kwa taa dhaifu, mwili unaweza kuanza kuikataa, vidole vinawasha vinapasuka, na ukishaipata ni ya maisha, hata vifaa vya kuzibia meno vinaweza kukusumbua baadae kwa kuwa ni vya ukoo mmoja. Madaktari wa ngozi wa Uingereza walitoa onyo mwaka 2018 wakizitaja hasa hizi seti za nyumbani. Tena Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kemikali ya TPO kwenye jeli za kucha kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, kwa iyo angalia sana mzigo wa bei ya kutupa, soma kama imeandikwa haina TPO na haina HEMA, kemikali nyengine ya jeli inayoleta huo mzio. Ukinunua, nunua taa na jeli za kampuni moja, paka nyembamba, acha nafasi ya uzi kati ya jeli na ngozi. Isiyo na maandishi hata ya kampuni usichukue.

Vya kuviacha dukani

Piko kwenye kucha na vidole. Najua inavyopendwa, najua weusi wake ulivyo mzuri, lakini piko ni dawa ya nywele yenye kemikali ya weusi inayoitwa PPD, na Ulaya inaruhusiwa kwenye nywele tu kwa kiwango chenye mpaka, kwenye ngozi hairuhusiwi. Leo hukupata kitu, mara ya tatu unapata malengelenge yanayofuata maua yako yote mstari kwa mstari. Ukitaka weusi kwenye kucha paka kyuteksi nyeusi ya elfu mbili.

Na akriliki, zile kucha za kujengwa kwa unga na dawa ya maji, kujifanyia mwenyewe chumbani, hapana. Hiyo ina mwenye kazi yake.

Mjamzito anaekaribia kujifungua, au yeyote anaekwenda kupasuliwa, afute rangi, na kama ni hina aache japo kidole kimoja au viwili bila kitu, kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni kwenye damu kinaweza kusoma vibaya penye rangi iliyokolea.

Mwenye elfu kumi leo, angekuwa mdogo wangu, ningemwambia achukue kikatia kucha, tupa, hina ya paketi moja, na besi koti. Rangi aje aazime kwangu, ninazo kumi na moja.