Ukaguzi wa madobi Uingereza baada ya sheria ya 1895: ulikuwa mzuri, ila wenye matundu

Kwa viwanda vya kufulia vyenye mashine, sheria ya viwanda ya 1895 inasomeka kama imeandikwa na mtu aliyewahi kusimama kwenye ule mvuke. Ilitaka chumba cha kufulia kiwe na feni au njia nyingine ya kutoa mvuke, cha kupigia pasi kipunguzwe joto. Majiko ya kupashia pasi yatengwe. Pasi za gesi zinazotoa moshi wenye madhara zilipigwa marufuku. Sakafu iwe nzima, maji yatiririke yaishe.

Mkaguzi asiridhike kuona feni ukutani. Izungushwe, kisha atazame mvuke unaelekea wapi: pasipo tundu la kuingiza hewa, feni hunguruma tu na kuta zinaendelea kutiririka maji. Sakafuni amwage ndoo moja. Maji yakituama, mwinamo ni mbovu na wafuaji wanashinda miguu imelowa.

Kwenye saa za kazi ndipo sheria ilipochemka. Mwanamke aliruhusiwa saa 14 kwa siku, mradi wiki isizidi 60 bila kuhesabu saa za ziada. Madobi wa mkono hawakuguswa na kanuni ya feni, na nyumba za kidini zilizofua nguo ziliachwa nje kabisa. Wakaguzi wanawake, walioanza 1893, walikuwa wachache mno.