ELM327 ya Bluetooth kwenye Toyota IST: inasaidia gari likianza kutetemeka?

ELM327 ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye gari ili simu isome kompyuta ya injini. Ukikinunua kwa ajili ya kusoma kodi (namba za hitilafu) tu, umenunua nusu yake. Kodi ya P0300 inakwambia injini inamisi, na hilo kiti cha dereva kilishakwambia. Utamu wa ELM327 uko kwenye namba zinazobadilika injini ikiwa inanguruma. Kwa IST, Vitz, Raum na Probox zenye injini ya 1NZ-FE au 2NZ-FE, namba tano zinatosha kutenganisha hewa inayovuja, koili iliyokufa na petroli haba, kabla fundi hajaanza kutaja kontroli boksi (kompyuta ya injini).

Tuanze na dukani, maana hapo ndipo wengi wanapigwa. Elm Electronics ya Kanada, waliobuni chipu hii, walifunga kazi mwaka 2022, na unachouziwa mtaani karibu chote ni kopi. Cha kuchekesha ni kwamba Elm hawakuwahi kutoa toleo la 1.5, lakini kopi zenye lebo ya v1.5 ndizo huwa na nafuu. Nyingi za v2.1 zimepunguzwa uwezo, na kinachoachwa mara nyingi ni mawasiliano ya K-line, laini ya zamani ya kuongea na kompyuta ya gari. IST ya soko la Japani inaongea kwa K-line, kupitia pini namba 7. Kwa hiyo kifaa kinachopatana vizuri na gari jipya kinaweza kugoma kabisa kwenye IST ya 2003. Lebo nayo hudanganya. Kama muuzaji anakubali, fungua kasha. Bodi mbili zilizopandana na chipu iliyoandikwa PIC18F25K80 ni dalili nzuri. Wa iPhone wasichukue Bluetooth ya kawaida, haitaungana. Watafute ya WiFi au ya Bluetooth LE.

Soketi yenye matundu 16 iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Chomeka swichi ikiwa imezimwa, kisha washa hadi ON na uunganishe na simu kwa namba ya siri 1234 au 0000. Kwenye programu ya simu ya Car Scanner chagua profaili ya Toyota ya soko la Japani, kwani ile ya OBD-II ya kawaida inaweza kuzunguka bila kupata kitu. Ikikamata, soma kodi na uhifadhi picha ya namba iliyorekodiwa wakati kodi inaingia. Usifute kitu bado. Kufuta kwanza ndiko kunakopoteza ushahidi, na mafundi wengi bado wanafanya hivyo.

Sasa ipashe injini moto na ufungue mzunguko wa injini, joto la maji, hewa ya MAF (sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini), STFT na LTFT. Usifungue zaidi, K-line ni ya polepole. Joto likae kati ya nyuzi 80 na 95. Likigandia 65, angalia kama thamostati imeng'olewa, tabia iliyozoeleka sana kwetu: kompyuta inadhani injini bado baridi na kuzidisha petroli. MAF ya 1NZ-FE kwenye sailensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), AC ikiwa imezimwa, isome takriban gramu 1 hadi 3 kwa sekunde.

STFT na LTFT ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Zijumlishe. Ndani ya 10 juu au chini, hali si mbaya. Ikiwa jumla ni +25 kwenye sailensi halafu inashuka hadi +5 ukishikilia resi ya 2500, kuna hewa inaingia baada ya MAF: mpira mkubwa kati ya ea klina na throtoli umepasuka kwenye mikunjo yake (uukunje kwa mkono, ufa hauonekani ukiwa umelala), au mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa injini), wa hydrovac (kisaidizi cha breki), au gasketi ya manifoldi. Ikipanda zaidi kadiri unavyokanyaga mafuta, shuku MAF chafu, pampu au filta ya petroli. MAF husafishwa kwa dawa yake maalumu, bila kugusa kiwaya cha ndani. Jumla ikiwa -15 au chini zaidi, tazama nozeli inayovuja au valvu ya mvuke wa tangi iliyogoma wazi.

Kuna mtego hapa. Silinda isiyowaka hutoa oksijeni nzima nzima kwenye bomba la moshi, sensa ya oksijeni inadhani petroli ni haba, na unapata P0171 (kodi ya petroli haba) wakati kosa ni la koili. Kwa hiyo P0171 ikiwa na P0301 (silinda 1 inamisi), hamisha koili ya silinda 1 kwenda 2, futa kodi, endesha. Ikirudi P0302 (silinda 2), koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, fuata plagi (pengo la iridium za injini hii ni milimita 1.1), kisha nozeli, kisha kompresheni. Na kama mwili wa gari unatetemeka lakini mzunguko kwenye simu umetulia na namba zote ni safi, kagua engine mounting.

Kontroli boksi ni ya mwisho kabisa. Taa ya kifaa kuwaka si ushahidi kwamba kompyuta ni nzima, kwani kinapata umeme wa betri moja kwa moja kupitia pini 16. Angalia taa ya check engine swichi ikiwa ON. Isipowaka, na simu haikamati, pima fyuzi ya EFI na athi za injini. Vikiwa vizima, chomoa sensa moja moja: sensa moja iliyopiga shoti kwenye laini ya volti 5 inaweza kuizima kompyuta nzima, na taa itawaka palepale ukiichomoa yenyewe. Injini ikiwaka, volti ziwe 13.5 hadi 14.5. Thibitisha kwa mita, kopi hizi hukosea kidogo.

Mapungufu: kwenye magari haya usitarajie ABS wala airbag, na haiprogramu chochote. Ukiiacha kwenye soketi usiku inanyonya betri, tena Bluetooth yake iko wazi kwa yeyote aliye karibu.

V1.5 yenye chipu sahihi naipa nyota 4, v2.1 nyota 1. Mwenye gereji anayepokea magari ya kila aina afikirie OBDLink LX, kifaa kingine cha aina hii. Ni ghali zaidi lakini haina bahati nasibu ya chipu.