Mfereji wa Maji Kando ya Bwawa la Kuogelea: Upi Ununue Ukiwa Dodoma

Anayebadilisha mfereji wa kando ya bwawa huuliza kwanza utapitisha maji kiasi gani. Kwa Dodoma hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama unafunguka. Mvua yetu hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 600. Miezi mingine yote ni upepo, chamchela na vumbi jekundu linaloingia kila penye upenyo. Vumbi hilo likikutana na maji wanayomwaga watoto wakitoka bwawani, linaganda ndani ya mfereji. Mvua kubwa ya kwanza inakuta njia imeziba, na tope lote linaishia bwawani. Ndiyo maana nimepanga machaguo haya kwa kuangalia zaidi urahisi wa kuyafungua na kuyasafisha.

Ninalolipa nafasi ya kwanza ni kununua kifuniko peke yake. Inua cha zamani, safisha, kisha mwaga ndoo ya maji. Kama mfereji ni wa zege, haujapasuka, na maji yanakwenda bila kutuama, usivunje kitu. Pima upana wa nafasi kinapokaa kifuniko, ukingo hadi ukingo, sehemu tatu au nne, kwa sababu zege la mkono halinyooki mwanzo hadi mwisho, na utumie kipimo kidogo kuliko vyote. Kwa fundi wa kuchomelea agiza vipande vya sentimita 50 hivi, ili mtu mmoja aweze kuviinua, na kila upande uachwe upenyo wa milimita 2 au 3. Nafasi kati ya pau isizidi milimita 8, vidole vya watoto visinase. Kabla hujalipa, pitisha kiganja juu polepole. Penye ncha, arudishe grinda hapo hapo.

Chuma gani? Maji yenye klorini hula chuma. Flatiba (pau bapa za chuma cha kawaida) iliyopakwa rangi itaanza kutoa kutu kwenye maungio, na kutu huacha madoa kwenye vigae. Stenlesi namba 304 inafaa pale maji yanapomwagika mara chache, lakini bwawa linalotumika kila siku, au la chumvi, linataka 316. Sumaku haiwezi kukutofautishia namba hizo mbili, kwa hiyo dai namba iandikwe kwenye risiti.

La pili ni mfereji wa plastiki wenye kifuniko cha kubana na kubandua. Huu ndio wa kununua kama wa zamani umepasuka na unataka kufanya kazi mwenyewe: ni mwepesi, unakatika kwa msumeno wa chuma, vipande vinaungana. Nunua mfereji, vizibo vya mwisho, tundu la kutolea maji na vifuniko vya aina moja siku moja, kwa sababu vya kampuni tofauti mara nyingi haviingiliani. Ukiulizia bei, uliza ya mita moja pamoja na hivyo vyote. Plastiki hutanuka kwa joto: kipande cha PVC cha mita 3 huongezeka kama milimita 6 joto likipanda nyuzi 30, na jua letu la Oktoba linatosha kabisa kwa hilo. Chagua chenye kinga ya jua, na pembeni yake acha nafasi nyembamba ya kujaza silikoni. Wakati wa kumwaga zege, vifuniko viwe mahali pake, vimefunikwa na nailoni. Bila hivyo kuta zitabanwa ndani, na havitaingia tena.

Mfereji wa zege la polima, yaani kokoto na mchanga vilivyoshikwa kwa gundi ya plastiki badala ya saruji, ni wa tatu. Ni imara sana lakini ni mzito, na kwa miguu ya waogeleaji ni nguvu ya ziada usiyoihitaji; daraja la kubeba uzito la A15 linatosha. Ufikirie pale mfereji unapokatiza njia ya gari, na hapo uombe B125.

Nafasi ya nne ni ule mwembamba wenye ufa tu juu, usiofunguka. Unapendeza kweli. Kwa vumbi la Nzuguni au Iyumbu siupendekezi, isipokuwa uwe na sehemu ya kufungulia kila baada ya mita chache na mpira wa maji wenye nguvu.

La mwisho ni bomba la PVC lililopasuliwa kwa grinda. Lina kingo kali, linapinda zege likilielemea, na halina pa kukalisha kifuniko. Bomba liache lifanye kazi yake chini ya ardhi.

Kabla ya kuvunja sakafu, zima umeme wa pampu na taa za bwawa, na ujue nyaya na mabomba yanapopita. Kata ukimwagia maji, uvae barakoa, maana vumbi la zege huharibu mapafu. Vuta uzi na utumie pima maji: mteremko uwe angalau sentimita 1 kwa kila mita. Bomba la kutolea lisielekezwe kwenye shimo la choo. Mvua moja italijaza. Lipeleke kwenye shimo lake la kunyonya, mbali na msingi wa nyumba. Zege jipya lifunike kwa magunia mabichi na uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7, kwa sababu upepo wa hapa hulikausha kabla halijashika. Fanya haya yote kabla Novemba haijaisha.