Kugeuza Sauti Kuwa Maandishi: Tathmini ya Huduma ya Akili Mnemba kwa Wanaohoji kwa Kiswahili

Huduma ninayoitathmini hapa hupokea sauti iliyorekodiwa na kuirudisha ikiwa maandishi kwa kutumia akili mnemba, na huuzwa kwa ada ya kila mwezi kwa waandishi wa habari, watafiti na makarani wa mikutano. Sitaitaja jina, kwa sababu kasoro zake kubwa nimezikuta pia katika huduma nyingine za aina hiyo, na msomaji atafaidika zaidi akijua la kuangalia kabla ya kulipa. Kazi yangu ni kukusanya maelezo ya wazee kuhusu ardhi katika pwani ya Kenya, kutoka Kisauni hadi vijiji vya Kwale. Baadhi ya maelezo hayo huishia mikononi mwa mawakili, kwa hiyo kosa ambalo katika kumbukumbu za kikao cha kawaida lingepita bila madhara, kwangu linaweza kumgharimu mtu shamba lake.

Nianze na sifa, kwa kuwa zipo na si ndogo. Aliyezoea kuchapa mahojiano kwa mkono anajua kwamba saa moja ya mazungumzo humla saa nne au zaidi mezani. Huduma hii huleta rasimu kabla chai haijapoa, ikiwa na vituo na aya, na ukibofya neno lolote sauti huanza kucheza kutoka hapo hapo. Uwezo huo wa kurudi kwenye sauti ndio bora kuliko vyote, na peke yake unakaribia kuihalalisha ada. Msemaji akiwa na Kiswahili cha matangazo ya redio, akazungumza peke yake katika chumba tulivu, makosa huwa machache na mepesi kurekebisha.

Mambo hubadilika pale anapozungumza mzee wa Mvita au Likoni, barazani, upepo ukivuma na watu wawili wakimdakia maneno. Mzee mmoja alieleza kwamba mnunuzi wa kiwanja hakulipa. Maandishi yakasema mnunuzi akalipa. Herufi h katika matamshi ya wengi wetu pwani ni hafifu, na mashine ilichagua umbo lililofanana na ililolisikia. Ubaya ni kwamba sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, kwa hiyo mhariri anayesoma bila kusikiliza hana kitu cha kumshtua. Mwingine alisema aliona jambo kwa mato yake, yaani macho yake kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na huduma ikaandika kwamba aliliona kwa mtoto wake. Ushahidi wa aliyeona mwenyewe ukageuka habari ya kuokoteza, kwa kuwa mashine haikukijua Kimvita na haikukiri kwamba haikijui.

Kutokiri huko ndiko kunakonisumbua kuliko makosa yenyewe. Karani wa kibinadamu asiposikia huacha pengo na kuandika kwamba sauti haisikiki. Programu hizi hazikuundwa hivyo. Hukadiria ni neno gani linaelekea kufuata kutokana na sauti iliyopo na maneno yaliyotangulia, na sauti inapokuwa hafifu au haipo kabisa, makadirio huendelea vilevile. Ndiyo maana mzee anaponyamaza kufikiri, katika maandishi huweza kuchipuka shukrani ambazo hakuna aliyezitoa, au kirai kimoja kinachojirudia mara kadhaa.

Jambo hili si la Kiswahili pekee. Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa Septemba 2022 na ambayo huduma nyingi zimejengwa juu yake, ilichunguzwa na watafiti wakiongozwa na Allison Koenecke wa Chuo Kikuu cha Cornell, na matokeo yakatolewa mwaka 2024. Walikuta kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilizaa virai au sentensi nzima ambazo hazikutamkwa, na asilimia 38 ya uzushi huo ulikuwa na madhara, kwa mfano kutia maneno ya ukatili au kuwahusisha watu na mambo yasiyowahusu. Walioathirika zaidi ni watu wenye ugonjwa unaoathiri uwezo wa kusema, ambao hukaa kimya kwa muda mrefu zaidi kati ya maneno. Hao walichunguzwa kwa Kiingereza, lugha ambayo programu hiyo ililishwa kwa wingi kuliko zote. Katika toleo la kwanza la Whisper, kati ya saa 680,000 za sauti zilizotumika kuifunza, sauti za Kiswahili zilizoambatana na maandishi yake zilikuwa saa 5.4 tu. Lugha ya mamilioni ya watu iliingia humo na sauti isiyojaza hata siku moja ya kazi.

Juhudi za kuziba pengo hilo zipo. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya mamia ya saa za Kiswahili kutoka kwa watu wa kujitolea wanaosoma sentensi na kukaguana, na yeyote anaweza kuzitumia bure. Ninauheshimu sana mradi huo. Hata hivyo, mtu anayesoma sentensi moja mbele ya simu hasikiki kama mzee anayesimulia kwa saa nzima. Huduma niliyoilipia haisemi popote inatumia modeli gani, yaani programu gani iliyofunzwa kutambua sauti, wala ilijaribiwa kwa Kiswahili cha wapi. Huandika neno “Kiswahili” katika orodha ya lugha na kuishia hapo.

Toleo la karibuni la huduma limeongeza muhtasari unaoandikwa na mashine yenyewe, na hapa nashauri wazi kwamba kitufe hicho kizimwe. Kikao kilichofanyika saa mbili asubuhi, katika muhtasari wa Kiingereza kiliandikwa kuwa kilifanyika saa nane za usiku, kwa sababu mashine ilichukua tarakimu ikaacha namna tunavyohesabu saa. Maoni ya mtu mmoja yaliandikwa kuwa azimio la wote. Katika mgogoro wa ardhi, azimio ambalo halikupitishwa ni jambo zito mno.

Kuhusu faragha, masharti yanasema faili huhifadhiwa nje ya nchi na yanaweza kutumika kuboresha huduma, isipokuwa mteja akatae katika ukurasa wa mipangilio uliofichika mbali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zinampa mwenye taarifa haki ya kujua zinatumiwaje, na mzee aliyekubali kuhojiwa na mimi hakukubali sauti yake iwe chakula cha mashine ya kampuni asiyoijua. Kwa rekodi nyeti natumia Whisper yenyewe, ambayo hupakuliwa bure na kufanya kazi ndani ya kompyuta yangu bila intaneti. Ni ya polepole kwenye mashine ya kawaida, na uzushi wake ni ule ule nilioueleza, lakini sauti haitoki nyumbani.

Malipo ni kwa kadi na kwa dola, M-Pesa haipokelewi.

Kwa mwandishi anayetafuta nukuu katika hotuba, au mwanafunzi anayetaka rasimu ya mhadhara, huduma hii inastahili ada yake. Kwa maelezo ya mgonjwa, ushahidi wa kesi au historia ya ukoo, siipendekezi isipokuwa kuna mtu anayeijua lahaja hiyo atakayesikiliza rekodi yote tangu mwanzo hadi mwisho huku akisoma, na sauti ya asili ihifadhiwe. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba huduma moja ya hospitali nchini Marekani, iliyojengwa juu ya Whisper, hufuta sauti baada ya kuandika. Ukikuta mpangilio wa namna hiyo katika huduma yoyote, uzime kabla ya kupakia faili la kwanza, na usipozimika, usilipe.