Jiko la kosher: kutakasa sufuria za zamani au kununua mpya?

Myahudi anayeanza kushika kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, nyumbani hukwama kwenye vyombo vilivyokwisha kupika chakula kisicho kosher. Kutakasa vya zamani ni nafuu: sufuria ya chuma husuguliwa, hukaa saa 24 bila kutumika, kisha huzamishwa yote kwenye maji yanayotokota. Mishikaki ya kuchomea nyama hutaka moto wenyewe. Vyungu na sahani za udongo, lo, hapo hakuna ujanja.

Vipya havina historia, ila vya chuma na kioo vilivyotengenezwa na asiye Myahudi huzamishwa kwanza kwenye mikve, birika la maji la kutakasia kidini. Tena ni seti mbili, ya nyama na ya maziwa, mfuko utalia.

Ningekuwa mimi, ningetakasa masufuria mazito na vijiko, ninunue sahani. Kibao cha kukatia chenye michirizi ya visu ningekitupa tu.