Bamba la Polikaboneti Angavu kwa Bodi ya Gari
Nimetengeneza boneti kwa bamba la polikaboneti angavu (aina ya plastiki ngumu) lenye unene wa milimita 4, nami nimeridhika nalo kuliko akriliki, plastiki nyingine angavu, ambayo ilipasuka mara tu nilipoitoboa kwa keekee. Polikaboneti hupinda bila kuvunjika, na uzito wake ni takriban moja ya sita ya uzito wa chuma chenye ujazo uleule.

Kazi ngumu imo katika joto. Bamba hunyonya unyevu wa hewani, hivyo lisipokaushwa kwa saa kadhaa katika nyuzi 120 hivi za Selsiasi kabla ya kulainishwa na kulazwa juu ya kalibu, hujaa mapovu yasiyoondoka tena. Mimi nilipoteza bamba zima kwa kuiharakisha hatua hii. Isitoshe, urefu wa mita 1 hutanuka kwa zaidi ya milimita 2 joto linapopanda kwa nyuzi 40, kwa hiyo matundu lazima yawe mapana kuliko bolti zenyewe. Petroli na asetoni (kiyeyushi cha rangi) hulitia bamba nyufa. Chagua lenye tabaka la kuzuia miale ya urujuanimno ya jua, la sivyo litageuka manjano. Rangi, kwa maoni yangu, ipakwe upande wa ndani, ambako plastiki yenyewe huilinda dhidi ya mikwaruzo.