Kasha la kufumia miraba yenye ua: uzoefu wangu baada ya miraba 36

Mwezi wa Machi nilinunua kwa shilingi 32,000 kasha la kufumia miraba yenye ua katikati, ile ambayo wafumaji wengi huiita granny square, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni hapa Dar es Salaam, na bodaboda akaniletea kesho yake. Ndani mlikuwa na madonge manne ya uzi wa pamba (njano, nyekundu, waridi na rangi ya maziwa), kroshia ya milimita 4 (kijiti cha kufumia chenye ncha ya ndoano), sindano butu ya kuunganishia, na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Juu ya kasha imeandikwa kwamba uzi huo unatosha miraba 36, yaani kitambaa cha meza cha sita kwa sita. Miraba hiyo nimeifuma yote, na ndiyo sababu naandika leo badala ya siku ile nilipofungua kasha na kuvutiwa na rangi zake.

Nianze na uzi, kwa kuwa ndio uliobeba sehemu kubwa ya bei. Lebo inasema ni pamba tupu, nami nimekwisha kuuziwa akriliki, uzi wa jamii ya plastiki, kwa jina la pamba, kwa hiyo nilikata kipande cha kila rangi nikakiwasha kwa kiberiti juu ya sahani. Vyote vinne viliungua kama karatasi, vikatoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi lililosambaratika nilipoligusa kwa kidole. Akriliki ingeyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kwa hilo muuzaji alisema kweli. Ni uzi laini, haupasuki ovyo ncha ya kroshia inapopita, na mshono unaonekana wazi hata ukifuma usiku chini ya taa. Kasoro yake ni rangi nyekundu: nilipolowesha uzi wake na kuubana ndani ya kitambaa cheupe, uliacha alama ya waridi. Ilinibidi nilifungue donge zima, nilifunge upya kama shada, kisha nilifue peke yake mara tatu hadi maji yakawa meupe, na ndipo nikathubutu kuliweka karibu na rangi ya maziwa. Onyo la jambo hilo halimo popote ndani ya kasha.

Karatasi ya maelekezo ndiyo iliyonipotezea wiki ya kwanza. Imejaa kifupisho cha "dc", na mimi niliyefundishwa na mama kufuma vitambaa vya makochi kwa kufuata vijitabu vya Kiingereza cha Uingereza, niliichukua "dc" kuwa ule mshono mfupi ambao huzungushii uzi kwenye kroshia kabla ya kuiingiza tunduni. Ua langu la kwanza likatoka dogo, gumu, limejikunja kingo kama kofia ya mtoto mchanga. Nililifumua, nikafuma tena, likajikunja vilevile. Wamarekani hutumia kifupisho hichohicho cha "dc" kwa mshono mrefu, ule unaozungushiwa uzi mara moja kwanza, na mshono huo Waingereza wanauita "tr". Karatasi haisemi inafuata desturi ipi. Nilikuja kulitambua hilo nilipoigeuza na kukuta, kwenye maelezo ya kuunganisha miraba, kifupisho cha "sc", ambacho Wamarekani hukitumia kwa ule mshono mfupi na Waingereza hawana kabisa. Ukiona "sc" mahali popote kwenye maelekezo, basi ni ya Kimarekani, na "dc" zote uzisome hivyo. Sentensi moja juu ya karatasi ingeniokolea wiki nzima.

Tatizo la pili ni hesabu. Mraba huu unaanza na kiduara cha mishono mirefu 12, kila pengo kati ya mishono hiyo linapata petali moja, kisha kila pengo kati ya petali linapata fungu la mishono mitatu, na mzunguko wa nne ndio unaogeuza duara kuwa mraba kwa kuweka kona moja katika kila pengo la tatu. Kumi na mbili inagawanyika kwa nne, ndiyo maana kona zinakaa mahali pake. Karatasi inakuambia uanze na cheni tatu, yaani vitanzi vitatu vinavyofuatana, halafu ufume "dc", lakini haikuambii kwamba zile cheni tatu zenyewe ni mshono wa kwanza na kwamba umebakiza 11 tu. Anayefuma 12 juu ya cheni anapata 13, ua linapendeza bila kuonyesha kosa lolote, na kosa linakuja kujitokeza mzunguko wa nne, upande mmoja unapokuwa mrefu kuliko mingine. Binafsi nililijua hilo tangu utotoni. Mdogo wangu, aliyekuwa akijifunza kwa kasha hilihili pembeni yangu, alimaliza miraba mitatu iliyopinda kabla hatujaigundua sababu.

Kuhusu kroshia sina mengi: ni ya aluminiamu, mpini wake wa mpira haumchoshi mtu vidole, na namba ya ukubwa ilifutika ndani ya siku kumi.

Sasa nije kwenye lalamiko langu kubwa. Kila donge limeandikwa gramu 50 na mita 110. Niliyapima yote kwenye mizani ya duka la jirani: njano gramu 45, nyekundu 46, waridi 47, na rangi ya maziwa gramu 43. Upungufu huo ningeuvumilia kama uzi ungegawanywa kwa akili, lakini mraba hauli rangi zote sawasawa. Nilifumua mraba mmoja na kupima kwa futi ya fundi: kiini cha njano kilikula chini ya mita moja, petali nyekundu kama mita mbili, mzunguko wa waridi mita mbili na nusu hivi, na ule wa nje wa rangi ya maziwa mita tatu kamili. Miraba 36 inahitaji mita 108 za rangi ya maziwa kabla hata hujaanza kuunganisha, na donge la gramu 43 lina takriban mita 95. Langu liliisha mraba wa 31. Naamini kabisa kwamba aliyepanga kasha hili hajawahi kulifuma mpaka mwisho, kwa sababu angefanya hivyo mara moja tu angeweka madonge mawili ya maziwa na nusu donge la njano.

Nilimwandikia muuzaji. Alijibu kwa adabu, akaniuzia donge la pili kwa nusu bei, ila lilitoka kwenye mkupuo mwingine wa rangi, na juani linaonekana limeegemea manjano kidogo. Miraba mitano ya mwisho nimeifuma kwa donge hilo na kuitawanya katikati, na uzi uliobaki nimeutumia kuunganishia, hivyo tofauti inaonekana kama imekusudiwa. Halafu ikaja mikia: mraba wa rangi nne unaacha ncha nane za uzi, na mara 36 hizo ni ncha 288 za kuficha kwa sindano. Kuanzia mraba wa kumi nilijifunza kuifuma mikia ndani ya mzunguko unaofuata, na nakushauri uanze hivyo tangu wa kwanza.

Kama umeshawahi kufuma, kasha hili lina thamani ya bei yake kwa sababu ya uzi wake, mradi uagize donge la pili la maziwa siku hiyohiyo ili rangi zilingane. Kama ndiyo kwanza unajifunza na huna mtu wa kuketi naye, usilinunue mpaka karatasi ibadilishwe. Kitambaa changu kiko mezani sasa. Donge la njano lililobaki nililipima juzi: gramu 29.